Bakapu ya saa nane usiku: dhana potofu kuhusu ratiba na tarehe za kompyuta

Kuanzia maduka ya jumla ya Mwanga hadi ofisi za vyama vya akiba na mikopo vya Kasulu, kompyuta nyingi zimepangiwa kazi za kujiendesha zenyewe: kuchukua bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, kufunga hesabu za siku, kutuma ripoti kwa mwenye mali. Kazi hizo zikikosea, lawama ya kwanza huenda kwa kirusi, na tiba ya kwanza huwa kupiga Windows upya. Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya hapa Kigoma, na msimamo wangu ni kwamba mara nyingi kupiga Windows upya ni kumpotezea mteja siku nzima. Hitilafu za ratiba na tarehe zina vyanzo vinavyojulikana. Karibu zote huanzia mahali pamoja: mtu anadhani "leo" yake na "saa" yake ndizo zilizomo ndani ya mashine.

"Ipo kwenye ratiba, kwa hiyo inafanyika"

Hii ndiyo inayoumiza kuliko zote, maana hugundulika siku ambayo data imeshapotea. Duka limepangiwa bakapu saa nane usiku, wakati hakuna anayeuza. Mpango mzuri. Lakini mwenye duka akifunga saa mbili usiku huzima swichi kubwa ya ukutani, kama wafanyavyo wengi kwa kuogopa moto. Ratiba haina kosa hata herufi moja, na bakapu haijawahi kuchukuliwa hata usiku mmoja.

Kwenye Linux, mfumo endeshi mwingine mbali na Windows, programu inayosimamia ratiba huitwa cron. Huamka kila dakika, hutazama kama kuna mstari unaolingana na dakika hiyo, huuendesha, kisha husubiri dakika inayofuata. Hailipi deni. Ni kama treni ya kwenda Tabora: ikishatoka stesheni, hairudi kumchukua aliyechelewa. Umeme ukikatika saa saba usiku ukarudi alfajiri, kazi ya saa nane imepita mpaka usiku unaofuata.

Kuna njia za kurekebisha. Programu ya anacron huandika siku ambayo kila kazi ilifanyika mara ya mwisho, na mashine ikiwaka huzifanya zilizorukwa. Wanaotumia ratiba za systemd, programu ya Linux inayoendesha huduma za mashine, waweke `Persistent=true`. Kwenye Windows, ratiba ina kisanduku cha kuruhusu kazi iliyokosa muda wake ianze mara inapowezekana, na kisanduku hicho huja bila tiki. Hapo hapo kuna kingine kinachokuja na tiki tayari: kazi isianze kama kompyuta haiko kwenye umeme. Umeme ukikatika, laptop inaendelea kuwaka kwa betri, mtu anaiona inafanya kazi, kumbe bakapu imekataa kuanza. Hicho nakitoa tiki kwanza.

Kwa maduka mengi, hata hivyo, dawa bora ni nyepesi kuliko hizo zote: hamishia bakapu saa saba mchana, duka likiwa wazi. Halafu usiiamini ratiba, fungua folda utazame tarehe ya faili la mwisho.

"Nimeandika 2, maana yake saa mbili"

Mashine huanza kuhesabu saa sita usiku. Aliyeandika 2 akikusudia saa mbili usiku, baada ya kufunga duka, amepanga saa nane usiku. Saa mbili ya asubuhi ni 8, na saa mbili ya usiku ni 20. Kanuni ninayowafundisha vijana ni hii: kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni ongeza sita, za usiku kabla ya saa sita ongeza kumi na nane, kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi punguza sita.

Kosa hili linajulikana kwa ukubwa wake: ni saa sita kamili. Na hapo ndipo penye jambo ninalotaka fundi yeyote alishike. Kabla hujagusa chochote, pima tofauti. Ikiwa saa sita, aliyeandika ratiba alihesabu kama tunavyohesabu mtaani. Ikiwa saa tatu, kuna mkanganyiko kati ya saa ya dunia, yaani UTC, na saa yetu iliyo mbele yake kwa saa tatu. Ikiwa saa moja, mashine inafuata saa za ng'ambo, kwa sababu Burundi na upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu iliyonasa mnara wa huko ikiwa kwenye saa ya kujiweka yenyewe inaweza kuhama. Ikiwa ni miaka, tazama betri ndogo ya CR2032 inayotunza saa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani ya kompyuta. Ikiwa ni dakika chache tu, mashine haijapata intaneti ya kulinganisha saa kwa muda mrefu.

"Saa ikikosea, isogeze kwa mkono"

Hapa ndipo hitilafu moja huzaa tatu. Mashine iliyowekwa ukanda wa saa wa UTC itaonyesha saa nne asubuhi wakati hapa ni saa saba mchana. Mtu anasogeza mishale mbele kwa saa tatu, kioo kinasoma vizuri, anaridhika. Lakini sasa mashine inaamini kwamba dunia nzima imetangulia kwa saa tatu. Faili zinazotumwa kwenye seva zinaonekana zimeandikwa wakati ambao haujafika, na zile namba sita za kuthibitisha kuingia, zinazobadilika kila sekunde 30 kwenye simu, zinakataliwa ikiwa mashine hiyo ndiyo inayozikagua. Kilichokosewa ni ukanda, si saa. Rekebisha ukanda.

Wengine hufungua orodha ya Windows, wakaona "Nairobi", wakadhani wamewekewa Kenya kimakosa. Iache. Kenya, Uganda na Tanzania ziko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima bila kusogeza saa, na hata kwenye orodha ya kanda inayotumiwa na Linux, jina Africa/Dar_es_Salaam huelekezwa kwenye kanuni za Nairobi. Hatari ni kuchagua mji wa mbali kwa kuwa tu leo unalingana nasi. Moscow leo iko saa tatu mbele ya UTC, lakini mwaka 2011 ilihamia saa nne, ikarudi 2014.

Kompyuta yenye Windows na Linux pamoja ina tabia yake. Windows huisoma saa ya mazabodi kama saa ya hapa, Linux huisoma kama UTC. Ukitoka Linux ukaingia Windows, saa iko nyuma kwa saa tatu, na watu hununua betri mpya bure. Betri iliyokufa haipotezi saa tatu. Hurudisha mashine miaka nyuma, na tovuti za benki hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika.

"Seva iko Ulaya, haituhusu"

Inatuhusu usiku wa mwisho wa mwezi. Seva nyingi za kukodi huwekwa UTC, na siku yake huanza saa tisa usiku kwetu. Duka la dawa linalokesha likiuza dawa saa saba usiku wa tarehe 1 Julai, kwa seva bado ni saa nne usiku ya tarehe 30 Juni. Kwa anayefuata mwaka wa fedha wa serikali, mauzo hayo yameangukia mwaka uliopita. Sishauri kuibadilisha saa ya seva. Acha itunze muda kwa UTC, lakini programu inapojumlisha mauzo ya siku, kwanza igeuze muda kuwa wa Africa/Dar_es_Salaam.

"Nikiiendesha mwenyewe inakubali"

Kweli, na bado itagoma usiku. Cron haipati mazingira uliyonayo wewe. Njia yake ya kutafutia programu ni fupi, kwa kawaida `/usr/bin:/bin` tu. Andika njia kamili ya kila programu. Kuna na mtego wa alama ya asilimia: ndani ya crontab, yaani faili la ratiba za cron, `%` huhesabiwa kuwa mstari mpya. Amri yenye `date +%F` inayoipa bakapu jina la tarehe hukubali kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, na kukatika katikati kwenye crontab. Iandike `\%F`.

"Mwezi uliopita ni leo ukitoa mwezi mmoja"

Tarehe 31 Machi 2023, iambie amri ya `date` ya Linux irudi mwezi mmoja. Inafika 31 Februari, tarehe isiyokuwepo, inahesabu siku zilizozidi na kukupa tarehe 3 Machi. Ripoti ya "mwezi uliopita" inatoka na jina la Machi, na Februari haina ripoti. Kwa siku nyingi za mwaka hitilafu hii haionekani, ndiyo maana hudumu. Rudi kwanza tarehe 15 ya mwezi huu, ndipo utoe mwezi.

Februari imewahi kuwashinda hata wakubwa. Tarehe 29 Februari 2012 huduma ya Azure ya Microsoft ilianguka kwa sababu programu iliongeza mwaka mmoja kwenye namba ya mwaka tu, ikaomba cheti cha usalama kinachoisha 29 Februari 2013, tarehe isiyokuwepo.

Na anayetaka kazi ifanyike "Jumatatu inayoangukia tarehe 1" asijaze sehemu zote mbili za cron, ya tarehe na ya siku ya wiki. Zikijazwa zote, kazi hufanyika kila tarehe 1 na pia kila Jumatatu.

"Mambo ya mwaka 2000 yalikwisha"

Hofu ya mwaka 2000 ilikuwa kwamba mashine zilizotunza mwaka kwa tarakimu mbili zingekosea; kikomo kingine bado kinakuja. Mifumo ya Unix, ukoo wa Linux, huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970. Inayotunza hesabu hiyo kwa biti 32 hufikia kikomo, sekunde 2,147,483,647, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, kisha huruka nyuma hadi 1901. Wengi husema bado mbali. Kwa chama kinachotoa mikopo ya nyumba ya miaka 15, tarehe hiyo imeshafika, kwa kuwa marejesho ya mikopo ya leo yanaivuka. Fungua mkopo wa majaribio unaoisha Februari 2038. Ratiba ya marejesho ikikuandikia Desemba 1901 au Januari 1902, programu inatunza tarehe kwa biti 32, na aliyewauzia anapaswa kuirekebisha kabla mkopo mwingine mrefu haujaingizwa.