Gunia la madabodi na punje ya pilipili manga

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Langoni, hapa Lamu, aliniletea gunia juu ya punda. Ndani mlikuwa na madabodi (bodi kuu za kompyuta), vijiti vya RAM (kumbukumbu ya kompyuta), kadi za sauti na prosesa chache (chipu kuu zinazoendesha kompyuta), mabaki ya saiba iliyofungwa Malindi. Alikuwa ameyanunua kwa kilo, akayapandisha basi hadi Mokowe, akayavusha kwa boti. Alilitua gunia mlangoni pangu akasema, "Ami, humu mna dhahabu. Nimeona kwenye video. Nipimie." Akaketi barazani kungoja mizani.

Mimi ni sonara. Kazi nimeirithi kwa babangu, na kwa miaka kadhaa sasa nasafisha pia dhahabu inayotoka kwenye vifaa vya umeme. Swali la kijana huyu, kwamba gunia kama hili lina dhahabu kiasi gani, silisikii mara ya kwanza, ndiyo maana nimeona niliandike jibu mahali nitakapoweza kumwelekeza mtu badala ya kurudia maneno yaleyale huku chai inapoa.

Dhahabu imo, hapo video hazikudanganya. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa sana kwa nini iliwekwa. Hewa yetu ya chumvi hula bawaba za milango, huotesha shaba ukungu wa kijani, na simu iliyofunguliwa na fundi leo ukiifungua tena baada ya Ramadhani mbili utaona ndani kumechakaa. Dhahabu haishiki kutu. Kwa hiyo waundaji wa kompyuta huipaka hasa pale vyuma viwili vinapogusana na umeme lazima upite bila kikwazo: kwenye pini za prosesa, kwenye soketi, na kwenye ule ukingo wa RAM wenye vipande vya manjano vilivyojipanga. Mafundi huku wanaviita meno, na jina limekaa sawa, maana hata wazee wetu wenye jino la dhahabu wengi wao walivishwa ganda tu, si jino zima.

Ganda lenyewe lina unene gani? Kwenye meno mazuri ni kama mikroni 0.75, yaani chini ya elfu moja ya milimita. Chini yake kuna nikeli, kwa sababu dhahabu ikipakwa moja kwa moja juu ya shaba, shaba huipenya polepole mpaka itokeze juu. Tena huchanganywa na kobalti kidogo ili iwe ngumu, isikwanguke kijiti kikichomolewa na kuchomekwa. Sehemu nyingine za bodi zinazong'aa manjano zimepakwa ganda jembamba mara kumi kuliko hilo. Macho hayatofautishi kati ya ganda nene na ganda jembamba, na hapo ndipo wanunuzi wengi huliwa.

Hebu tupige hesabu ya sonara. Kijiti cha RAM ya zamani cha SDRAM kina meno 168. Tuseme kila jino ni milimita 1 kwa milimita 2.5. Zidisha kwa unene ule wa ganda, kisha kwa uzito wa dhahabu, ambayo ni gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Unapata miligramu 6 na kitu. Hiyo ni hesabu ya karatasi, kwenye bika, chombo chenyewe cha asidi, hupungua. Sasa mteja akitaka pete ya gramu 4 ya karati 21, dhahabu safi iliyomo ni gramu 3.5. Vijiti vinavyotakiwa ni zaidi ya 560. Kwa pete moja.

Watu hunitajia medali za Olimpiki ya Tokyo, kwamba zote zilitoka kwenye simu na kompyuta mbovu. Ni kweli. Wajapani walikusanya vifaa kuanzia 2017 hadi 2019, tani 78,985 kwa jumla, pamoja na simu zaidi ya milioni 6, wakapata dhahabu kilo 32. Ni jambo la fahari, lakini wewe gawanya tu: haifiki nusu gramu kwa tani. Ukichukua simu peke yake, tani moja inaweza kutoa gramu 300 hivi. Tofauti yote hiyo imetokana na kuchambua. Anayechambua vizuri ana mali, na anayetia kila kitu kwenye ndoo moja ana ndoo ya matatizo.

Kwa hiyo gunia nililimwaga barazani tukachambua. Prosesa za kauri, zile za enzi za kompyuta za zamani za 486 na Pentium za mwanzo, niliziweka upande wangu wa kulia. Hizo ndizo tamu: pini zake zimepakwa, nyingine zina kifuniko kilichopakwa, na nyingine ndani chipu imeunganishwa kwa nyuzi za dhahabu karibu safi kabisa, wembamba wake kama mikroni 25, nyembamba kuliko unywele. Prosesa mpya za plastiki ya kijani, zisizo na pini, nilizisukuma upande wa pili. Siku hizi chipu nyingi nyuzi zake ni za shaba. Kijana alitoa sumaku mfukoni, akaigusisha kwenye pini za kauri, zikanasa. "Aa, hizi chuma." Nikamwambia azirudishe kulia. Pini hizo zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa chuma, nikeli na kobalti kwa sababu hutanuka sawa na kauri zikipata joto, kwa hivyo lazima zinase. Sumaku inakueleza habari za chini ya ganda. Ganda lenyewe haliulizi.

Sasa kazi. Wengi hudhani kazi ni kuyeyusha dhahabu. Kazi ni kuondoa kila kisichokuwa dhahabu, na dhahabu uiguse mwisho kabisa. Meno nayakata kwa mkasi wa bati, nayatia kwenye asidi haidrokloriki pamoja na haidrojeni peroksaidi kidogo. Maji yale hula shaba na nikeli, yanageuka kijani, na baada ya siku kadhaa ganda hujibandua lenyewe na kuelea, kama vijiganda vya kitunguu kwenye sinia. Maganda hayo ninayachuja na kuyaosha. Hapo tu ndipo naleta ile wanayoiita maji ya mfalme, asidi ya nitriki na haidrokloriki pamoja, inayoweza kuiyeyusha dhahabu yenyewe.

Mara yangu ya kwanza sikufuata utaratibu huo. Nilikuwa na haraka, nikakata vipande vya bodi pamoja na lehemu yake, nikavitupa vyote kwenye maji ya mfalme. Kulifoka moshi mwekundu wa hudhurungi, kisha chini kukatulia uji mweupe, mzito kama wa muhogo. Lehemu sehemu yake kubwa ni bati, na bati likikutana na asidi ya nitriki haliyeyuki, huwa uji. Karatasi ya kuchujia iliziba. Niliweka usiku, nikaamka alfajiri, yalikuwa yametona vijiko viwili. Na dhahabu? Nyingine ilinaswa ndani ya uji, nyingine ilikwisha kuyeyuka kisha ikarudi. Dhahabu iliyoyeyuka ikikuta shaba ambayo bado ni ngumu, huacha maji na kujipaka juu ya shaba ile. Nilikuwa nimehangaika siku nzima kuipaka bodi upya.

Siku hizi siamini macho, naamini tone. Unachukua tone la maji unayoyashuku, unaliongezea tone la kloridi ya bati. Kama dhahabu imo hata chembe, hugeuka zambarau iliyokolea, karibu na nyeusi. Kama haimo, hubaki kama yalivyokuwa. Jipu la uongo hupasuka hapo.

Dhahabu ikishakuwa majini peke yake, nairudisha kwa unga wa sodiamu metabaisalfaiti, unga uleule unaotumika kwenye biashara ya kamba ili wasiingie weusi kabla ya kufika sokoni. Hunuka kama kiberiti kilichowashwa puani. Maji ya manjano hufifia, na chini hutua vumbi la kahawia lisilofanana na mali kabisa. Mke wangu aliliona mara moja akafikiri ni mdalasini. Naliosha, nalikausha, nalitia kwenye kibakuli cha udongo pamoja na boraksi, ile babangu aliyoiita tinikali, na moto ukifika nyuzi 1064 vumbi hujikusanya ghafla, likawa jicho moja linalong'aa. Gramu moja ya dhahabu safi ni mviringo wa milimita nne na nusu hivi. Punje ya pilipili manga.

Kijana aliuliza kama anaweza kuifanya kwao, darini. Hapo nilimjibu kwa ukali kidogo. Moshi ule mwekundu una hila: mtu huuvuta, akakohoa, akajiona mzima, kisha baada ya saa kadhaa mapafu yakajaa maji. Nyumba zetu zimegusana ukuta kwa ukuta, na kichochoro hakina pa kupeleka moshi isipokuwa dirisha la jirani. Mimi kazi hii naifanyia bara, upande wa mji wa Hindi, kwenye banda lenye feni na bomba. Na wanaochoma bodi ufuoni ili wapate shaba, plastiki ile imetiwa dawa ya kuzuia moto, moshi wake ni sumu ya kukaa mwilini miaka.

Kisha kuna maji machafu. Maji ya kunywa ya mji wetu yanatoka kwenye visima vya vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga hauzuii kitu. Ndoo moja ya asidi yenye nikeli na risasi ukiimwaga huko, unaimwagia mitungini. Mimi natia misumari na vyuma chakavu kwanza, shaba inaanguka kama tope jekundu, kisha nazimua kwa chokaa, chokaa hii hii ya kujengea, mpaka metali zilizobaki zigande chini. Tope lake halitupwi, hukusanywa kwenye pipa na kwenda kwa mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Hata kukusanya taka hizi kwa biashara kunataka leseni, jambo ambalo video hazikulitaja.

Mwisho wa uchambuzi kulikuwa na vijiti 74 na prosesa 9 za kauri. Hizo nilizinunua kwake. Madabodi nilimshauri awauzie wakusanyaji wenye leseni, ambao huzipeleka nje kwa shehena kwenye matanuri makubwa kama lile la Hoboken, Ubelgiji. Huko huyeyusha bodi nzima, dhahabu ikafuatana na shaba, kisha huzitenganisha kwa umeme. Banda langu halishindani na hilo.

Aliuliza kama nitamwongezea akikata meno mwenyewe. Nikampa mkasi na bakuli. Ilipoadhiniwa Isha alikuwa amemaliza vijiti 40, kidole gumba kimefanya lengelenge, na meno yalikuwa hayajafunika kitako cha bakuli.