Lisemwalo Lipo? Usonji na Lawama za Kikundi

"Lakini watu kumi hawawezi kukosea wote." Chama, ofisi au kamati ya madrasa ikija kutafuta usuluhishi hapa Mombasa juu ya mwenzao wanayemlaumu, maneno haya hufika kabla ya chai. Halafu hufuata methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii imewaponza watu wengi wenye usonji (autism), pamoja na wengine wasio na usonji ila kuzoeana kumewashinda tu.

Watu kumi hukosea, na mara nyingi hata si kumi. Waulize mmoja mmoja, faragha: "Uliona kwa macho yako au uliambiwa?" Huenda walioona ni wawili, na mmoja wao aliona jambo jingine kabisa. Waliobaki walisikia barazani au kwenye grupu la WhatsApp. Huo ni uvumi mmoja wenye midomo kumi.

Kwa nini uvumi umwangukie mwenye usonji? Kwanza, hasalimii kwa urefu, na Pwani ukipita barazani bila "hamjambo, habari za nyumbani" ushaitwa jeuri. Pili, husema mbele ya kikao kizima kwamba hesabu imepungua shilingi 3,000, na mweka hazina akajiona kavuliwa nguo. Tatu, hana rafiki wa kumdokeza yanayosemwa pembeni, basi mashtaka humfikia yakiwa yameshaiva. Tena kinachowakera watu mara nyingi ni namna yake, si maneno yake. Mwaka 2017 mtafiti Noah Sasson na wenzake walionyesha kwamba watazamaji waliwashusha watu wenye usonji baada ya kuwaona kwa sekunde chache tu, lakini waliposoma maneno yao kwenye maandishi, bila sura wala sauti, tofauti ile ikatoweka.

Dawa ni daftari. Chora safu nne: tarehe na saa, nani aliona, mlaumiwa alifanya nini, ushahidi uko wapi. Safu ya tatu iandikwe vitendo tu. "Ana kibri", "ana roho mbaya", "hatuivi naye": futa. "Alifunga stoo saa kumi akaondoka na ufunguo": acha. Kisha linganisha na taarifa ya M-Pesa, risiti na kitabu cha zamu. Halafu uliza swali ambalo kikao hakilipendi hata kidogo: wiki mlaumiwa alipokuwa likizo, makosa yalikoma? Kama pesa zilipungua naye hayupo, mwizi au kosa la hesabu bado mnalo humo ndani, na mkimfukuza mtabaki nalo.

"Hakuniangalia machoni, anaficha kitu." Hapa subira huisha. Watafiti Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti nyingi za kupambanua uongo, wakatoa matokeo mwaka 2006: watu hupatia takriban mara 54 kwa 100, karibu sawa na kurusha shilingi. Na ajabu ya kwetu ni kwamba mtoto hufunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Kwa wengine hiyo ni adabu. Kwa mwenye usonji imekuwa ushahidi!

Ukimhoji, mpe maswali kwa maandishi siku moja kabla. Uliza moja moja, unyamaze hata sekunde kumi, usimrukie. Mruhusu ajibu kwa kuandika. "Kwa nini unatufanyia hivi?" halijibiki, "Jumanne saa tisa ulikuwa wapi?" linajibika. Akisema "basi, samahani" baada ya nusu saa ya kuzongwa na watu watano, msiandike kwamba amekiri. Huenda ameomba kelele ziishe tu.

"Hana hisia." Anazo. Mtafiti Damian Milton aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: nanyi pia hamumsomi yeye.

"Ana pepo." Usonji ni namna ubongo ulivyokua tangu utotoni. Anayetaka kumsomea amsomee, lakini pesa za chama zitafutwe vitabuni.

"Kumbe kila asiyezoeleka ana usonji." La. Msimpime mwenzenu kwa video za simu. Daftari lile humfaa yeyote, awe na usonji asiwe nao.

"Mwenye kazi humfukuza amtakaye." Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri, kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Huyo mwenzake humchagua mwenyewe. Msimwekee msimamizi yuleyule aliyeleta mashtaka.