Homoni za kununua kwa simu na maswali ya upasuaji: kwa dada zetu transi wa Mwanza

Malalamiko kuhusu "homoni" zinazouzwa WhatsApp yameongezeka huku Mwanza, na wengi wanaoumia ni dada transi (waliozaliwa wakaandikwa wavulana lakini ni wanawake) wanaoishi kama wanawake muda wote, nyumbani, kazini, sokoni Kirumba, na sasa wanawaza upasuaji. Mimi ni mfamasia, naandika kwa nia njema kabisa.

Kwanza niseme hili maana linanichosha kila wiki: hakuna operesheni moja ya "kubadili jinsia" kwamba unaingia leo kesho umemaliza. Ziko nyingi, unaweza kuchagua moja tu, au usifanye hata moja na bado wewe ni mwanamke. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limeshaitoa hali ya kuwa transi kwenye magonjwa ya akili, kwahiyo asikudanganye mtu kwamba usipopasuliwa hujakamilika.

Kutoa korodani ni operesheni fupi, baada yake unaweza kuachana na dawa za kuzuia testosteroni (homoni ya kiume), ila estrojeni (homoni ya kike) utaendelea nayo, maana bila homoni yoyote mifupa inadhoofika, na uzazi ndo umeisha labda uwe umehifadhi mbegu kabla. Kutengeneza uke ni kazi kubwa: mara nyingi wanatumia ngozi ya uume na korodani, vinyweleo vinaondolewa kwa leza miezi kadhaa kabla, halafu kuna vifaa vya kutanua ambavyo mwanzoni unavitumia kila siku, baadae vinapungua lakini hauviachi. Asiyetaka hilo anaweza kutengenezewa sehemu ya nje tu bila kina. Tezi dume inabaki, nayo inahitaji kuangaliwa uzeeni. Sauti je? Estrojeni haiigusi, hapo ni mazoezi.

Mwongozo wa 2022 wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu transi, unashauri angalau miezi 6 ya homoni kabla ya upasuaji wa sehemu za siri, kama homoni unazitaka na zinakufaa. Homoni za daktari, na vipimo vya damu. Sio vidonge vya majira vinne kwa siku! Vingi vina ethinylestradiol, aina ya estrojeni ya kutengenezwa inayogandisha damu, ukiongeza sigara na kukaa kwenye basi la Dar zaidi ya kilomita 1,000 unajitafutia balaa. Na silikoni ya kuchomwa mtaani kwenye makalio hapana, inaweza kuingia kwenye mishipa ikafika mapafuni.

Ukidhurika na dawa usitupe boksi. Andika namba ya bechi, tarehe ya kuisha muda na ulikonunua, nenda kwa mfamasia wa hospitali muombe fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa kwa mamlaka ya dawa, inajazwa jina la dawa, dozi, siku ulioanza, madhara yenyewe, jina lako kamili halihitajiki herufi za mwanzo zinatosha. Muuzaji akibainika dawa zinakamatwa, duka linaweza kufungiwa na kesi ikaenda mahakamani, hilo ni letu wafamasia na mamlaka hiyo, wewe tuletee boksi.

Ila mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikabana ghafla ukakosa pumzi, fomu iache. Nenda emajensi usiku huohuo, mtajie daktari kila dawa unayomeza, hata ile ya WhatsApp.