Dini na siasa Uganda: dhana zinazotuharibia mazungumzo

Uganda ukoo mmoja unaweza kuwa na katekista, hajji, mlokole na kijana asiyekanyaga mahali popote pa ibada, na wote wakakutana kwenye arusi ileile. Sensa ya 2014 ilihesabu Wakatoliki kama asilimia 39, Waanglikana 32, Waislamu karibu 14 na Wapentekoste 11. Hakuna kundi lenye nusu ya watu. Ukiongeza vyama vya siasa juu ya hapo, unaona kwamba kuongea na mtu asiyeamini unachoamini ni kazi ya kila siku: kwenye teksi, kwenye matanga, kwenye grupu ya WhatsApp ya ukoo. Kazi hiyo tunaifanya tukiwa na dhana kadhaa ambazo hazitusaidii hata kidogo.

“Ukitaka amani, usiguse dini wala siasa”

Wengi tumelelewa na onyo hili, na waliotuonya walikuwa na sababu. Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo wa ufalme wa Buganda waliungana kumwondoa mfalme wao, Kabaka Mwanga, kisha wakageukiana wenyewe. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana Mengo, makao ya Kabaka, Mwingereza Kapteni Lugard na bunduki yake ya rashasha ya Maxim wakiwa upande wa Waprotestanti. Mwenye hofu hajaizua kichwani.

Ila tazama walichokuwa wakigombea: vyeo vya utawala, ardhi, na nani awe karibu na kiti cha Kabaka. Hawakufika huko kwa kuulizana maswali mengi mno kuhusu sala.

Na tumewahi kuongea hadharani, tena kwa utaratibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wa Kampala walikusanyika Club Obbligato kwa mjadala wa Radio One, na redio ya CBS ikawa na wake, Mambo Baado. Mfuasi wa serikali na mpinzani walikaa mbele ya maikrofoni moja, mwenyekiti akigawa zamu, na aliyesema jambo alijibiwa hapohapo na anayelipinga. Mijadala hiyo, ebimeeza, ilipigwa marufuku Septemba 2009 baada ya ghasia zilizotokana na ziara ya Kabaka wilayani Kayunga kuzuiwa na serikali. Je, ubishi ulikwisha? Ulihamia vikundi ambamo upande wa pili haupo, na humo kila uzushi hupita bila wa kuuliza. Mimi naona hapo tulipoteza kitu kikubwa.

“Nikijua anaposali, najua anapopiga kura”

Ilikuwa na ukweli wake zamani. Chama cha DP kilichoanzishwa 1954 kilitaniwa kuwa ni Dini ya Papa, na UPC ya 1960 ilionekana ni ya Waprotestanti. Lakini hata wakati ule hesabu ilikuwa ikigoma. Uchaguzi wa Lukiiko, bunge la Buganda, wa 1962 ulipofika, Kabaka Yekka, chama kilichomtetea Kabaka aliyekuwa Mwanglikana, kilichukua viti 65 kati ya 68, jambo lisilowezekana bila kura za Wakatoliki waliomwacha Benedicto Kiwanuka wa DP, Mkatoliki mwenzao. Leo ndio kabisa: ingia msikiti au kanisa lolote la mjini Ijumaa au Jumapili, utakuta wa NRM, chama tawala, na wa NUP ya upinzani wamekaa bega kwa bega. Kwa hiyo muulize mtu. “Mzee, hili la bajeti wewe unalionaje?” Swali kama hilo linampa nafasi ya kujieleza mwenyewe kabla hujamweleza wewe.

“Nchi hii ni ya Wakristo, wengine wamekuja”

Uislamu ulifika ikulu ya Kabaka Ssuuna na wafanyabiashara kutoka pwani mwaka 1844. Wamisionari wa Kianglikana walifika 1877, Wakatoliki 1879. Na Katiba ya 1995, ibara ya 7, inasema Uganda haitakuwa na dini ya taifa. Hapa sina la kuongeza.

“Kumheshimu wa dini nyingine ni kulegeza imani yangu”

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu huwashika watu wema, wacha Mungu wa kweli, wanaoogopa kwamba wakisikiliza tu watakuwa wameshasaliti.

Waende Acholi, kaskazini mwa nchi. Vita vya waasi wa LRA vilipopamba moto, viongozi wa dini wa kule waliunda umoja wao wa amani mwishoni mwa miaka ya 1990. Humo alikuwamo Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Kikatoliki, Askofu Macleod Baker Ochola wa Kianglikana, na Sheikh Musa Khalil. Ochola alikuwa amempoteza mkewe kwa bomu la kutegwa ardhini mwaka 1997, na bado alisimama kuwaombea wapiganaji wasamehewe wakirudi nyumbani. Walishinikiza hadi Sheria ya Msamaha ya 2000 ikapita. Mwaka 2003 viongozi hao walilala nje mjini Gulu pamoja na watoto waliokuwa wakikimbilia mjini kila jioni wasitekwe. Askofu hakusilimu na sheikh hakubatizwa. Kila mmoja aliingia na dini yake yote, na ndiyo iliyompa ujasiri wa kukaa pale.

Mbale nako, mwaka 2004, J. J. Keki wa jamii ya Kiyahudi ya Abayudaya aliwaita majirani zake Waislamu na Wakristo wakaanzisha ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera.

Na huhitaji kuwa askofu. Kwenye soko moja la Busia niliwasikia mama mlokole na hajji, wauza nafaka wenye meza jirani. Mama alianza: “Hajji, nakuuliza kwa heshima. Kwenu Yesu ni nani?” Hajji akajibu, “Isa ni nabii wetu, mwana wa Mariamu. Si Mwana wa Mungu. Hapo ndipo tunapoachana, mama.” “Na mimi hapo ndipo ninaposimama.” “Najua, mama. Hebu niazime mizani, yangu imegoma.” Hakuna aliyepunguza neno ili kumfurahisha mwenzake, na maharagwe yalipimwa.

“Aliyenyamaza amekubali”

Kwenye siasa za kwetu, mara nyingi aliyenyamaza anaogopa. Katika ghasia za Novemba 2020, zilizofuata kukamatwa kwa mgombea urais Bobi Wine, watu 54 walikufa kwa hesabu ya serikali yenyewe, na pengine unayezungumza naye alimzika mmoja wao. Kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta kilitumika kuwashtaki watu kwa walichoandika mtandaoni hadi Mahakama ya Katiba ilipokifuta Januari 2023. Basi usimbane mtu ataje chama chake mbele ya mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa. Usimrekodi sauti. Alichokuambia jikoni usikipeleke kwenye grupu. Kutunza siri ya mtu ni nusu ya heshima yenyewe, naamini hivyo kabisa.

“Nikiwa na ukweli, naweza kuusema nitakavyo”

Ukimwita mtu kafiri, au ukisema chama chake ni cha wajinga, umemfungia mlango hata kama takwimu zako ni sahihi. Kabla ya kujibu, rudia hoja yake kwa maneno yako hadi aseme, “Ndiyo, hicho ndicho nilichosema.” Mara nyingi utagundua ulikuwa ukijibu kitu kingine. Kwa wazee, omba ruhusa kwanza: “Mzee, naomba nitofautiane nawe kidogo.” Mzee aliyeombwa hivyo husikiliza kuliko aliyekatizwa.

Na mpwa wako akituma uzushi kwenye grupu ya ukoo, mpigie simu. Mbele ya mashangazi wote atatetea jina lake tu. Kwenye simu unaweza kumuuliza aliipata wapi habari hiyo, naye anaweza kuifuta bila kuaibika. Akikataa, mwambie tutaongea tena, kisha muulize habari za watoto.