Mtoto aliyezaliwa na VVU hukua

Kuanzia Mikindani hadi Nachingwea bado utasikia: mtoto aliyezaliwa na VVU hafiki mbali, ya nini kumhangaikia na shule? Zamani kauli hiyo ilikuwa na mashiko. Bila dawa, karibu nusu ya watoto hao walifariki kabla ya kutimiza miaka 2, na Tanzania ilianza mpango wa kutoa bure dawa za kufubaza virusi mwaka 2004 tu.

Watoto wa wakati ule sasa ni watu wazima. Wengine ni wazazi, na watoto wao hawana maambukizi. Anayemeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana.

Kazi ipo kwenye ujana. Anayeishi bweni anaogopa kopo la vidonge linavyolia ndani ya tranka, anaruka dozi, virusi vinapanda. Muuguzi atamkaripia (si wote, lakini wapo). Mwenzake aliyepitia hayo atamwonyesha jinsi ya kushindilia pamba kavu koponi, kelele ziishe. Ndiyo kazi ya waelimishaji rika. Zimbabwe, mpango wa Zvandiri umeonyesha kuwa vijana wanaoshikwa mkono na wenzao hufubaza virusi vizuri zaidi.

Sheria ya Tanzania nayo ilirekebishwa mwaka 2019: umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi ulishuka kutoka 18 hadi 15. Binti wa miaka 16 wa Newala anaweza kwenda mwenyewe, bila kumsubiri mjomba atoke kwenye korosho.