"Less" na "fewer": kosa ambalo si kosa

Hapa Lamu nilimkuta kijana wa mashua akifuta kibao chake kwa kitambaa cha mafuta ya taa. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza "less than 5 kilometres to Shela", yaani chini ya kilomita 5 hadi Shela. Mtu akamwambia kilomita zinahesabika, kwa hiyo aweke "fewer". Alikuwa anafuta Kiingereza kilicho sahihi kabisa.

Tumeishika dhana hiyo tangu shuleni: kinachohesabika ni "fewer", kisichohesabika ni "less". Inatuingia kirahisi, maana nasi twasema samaki wachache, maji kidogo. Lakini Mfalme Alfred wa Wessex, huko Uingereza, alitumia "less" kwa vitu vya kuhesabika tangu karne ya 9. Kanuni yenyewe chanzo chake ni Robert Baker, mwandishi wa masuala ya lugha ya Kiingereza, aliyeandika mwaka 1770 kwamba yeye anaona "fewer" inapendeza zaidi. Yalikuwa maoni yake tu. Waliomfuata ndio walioyageuza sheria.

Umbali, fedha na muda huchukua "less", kwani hapo tunapima kiasi, hatuhesabu kimoja kimoja. Kwa abiria au samaki, katika barua rasmi, andika "fewer". Mimi mwenyewe hufanya hivyo.

Nilimsihi kijana ayarudishe maneno yake. Rangi ilikuwa bado mbichi.