Je, wajua kwa nini taji la jino halikubali dawa ya kung'arisha?

Hapa Goma wengi huamini kwamba dawa ya kung'arisha meno ni sabuni kali: inaondoa uchafu, basi kila kilichomo mdomoni kitatakata. Nami niliamini hivyo kwa miaka. Nina taji moja mbele, lile kofia la kauri ambalo jino lililochongwa huvalishwa lote. (Faseti ni ndugu yake: ganda jembamba, mara nyingi nusu milimita tu, linalobandikwa usoni mwa jino.) Nilipaka dawa kila usiku kwa wiki mbili, meno yote sawasawa. Yangu yakawa meupe. Taji likaonekana la manjano katikati yake. Nikadhani dawa haijatosha, nikaongeza siku, na tofauti ikazidi.

Daktari aliligonga taji kwa ncha ya chuma chake. "Mama, hii haijachafuka hata siku moja," akasema. "Ni meno yako yamehama. Yenyewe imebaki palepale."

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba dawa hufanya kazi juu ya jino. Kazi yake iko ndani. Jino la asili, pamoja na ugumu wake wote, lina njia ndogo mno za kupitisha vitu. Dawa yenyewe ni haidrojeni peroksaidi, au kabamidi peroksaidi, ambayo ikilowana huachia ileile haidrojeni peroksaidi; jeli ya asilimia 10 hutoa kama asilimia 3.5. Chembe zake ni ndogo, hupenya enameli, lile ganda gumu la nje, hadi kwenye dentini, ile tabaka ya manjano iliyo chini, na huko huvunja chembe za rangi hadi zisiweze tena kuonekana.

Fikiria kitenge kilichodondokewa na jaweli, ile maji kali ya kung'arishia nguo nyeupe. Uzi ulikuwa umeinywa rangi. Jaweli nayo ikaingia ndani ya uzi, ikaivunja rangi, doa jeupe likabaki. Sasa chukua ile sahani ya maua ya samawati ambayo mama huitoa kabatini wageni wakifika. Iloweke kwenye jaweli usiku kucha. Asubuhi sahani ni safi na maua yapo vilevile, kwa sababu rangi yake ilichomwa tanurini pamoja na udongo. Taji la kauri ni hiyo sahani. Rangi yake ni oksidi za madini zilizopikwa ndani ya kauri kwa moto wa mamia ya nyuzi, na peroksaidi haina cha kuvunja humo. Inanishangaza hadi leo kwamba vitu viwili vinavyofanana kiasi hicho kwenye kioo vina asili tofauti kama nguo na chombo.

Si kila faseti ni kauri, lakini. Zile za resini, aina ya plastiki ngumu, hunywa kahawa na mawese polepole, na namna zinavyoitikia dawa hutofautiana. Tena faseti ya kauri ikiwa nyembamba sana, rangi ya jino lililo nyuma hupenya. Wapo madaktari waliopaka dawa nyuma ya jino hilo, upande wa ulimi, wakaona mabadiliko kidogo, ila ushahidi ni wa wagonjwa wachache.

Mbona basi taji hufifia? Angalia kikombe cha chai. Kikiwa kipya, chai hutoka kwa kusuuza. Kikisuguliwa miaka kwa majivu au mchanga, mng'ao hukwaruzika na chai hukaa mikwaruzoni. Mkaa wa kusugulia meno hufanya hivyohivyo kwa taji. Lililokwaruzika hung'arishwa upya na daktari kwa vifaa vya kauri. Nyumbani, mswaki laini mara mbili kwa siku, dawa ya meno ya kawaida yenye floraidi, na uzi wa meno upite pale taji linapokutana na ufizi. Taji halitoboki, lakini jino lililo chini yake huoza, na kama mshipa ulishatolewa hutasikia maumivu yoyote.

Waliokulia chini ya volkano ya Nyiragongo wakiwa na madoa ya kahawia nao huja kuuliza faseti. Madoa hayo hutokana na floraidi nyingi katika maji ya utotoni, enameli inapoumbika; Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Doa limo ndani ya enameli, hivyo mkaa haulifikii, na dawa huweza kulipunguza sana au kidogo.

Anayetaka kung'arisha meno na kuvalishwa taji au faseti pia aanze na dawa, kisha asubiri kama wiki mbili: rangi itulie, na oksijeni iliyobaki jinoni itoke, kwani huzuia gundi kushika. Ndipo rangi ya taji ichaguliwe. Mimi nilisimama mlangoni mwa kliniki, kwenye mwanga wa mchana, daktari akiweka vijino vya mfano kimoja baada ya kingine kando ya jino langu, hadi kimoja kikapotea machoni pake.